Opereta Aliyepokea Simu ya Ushahidi

Asalaam aleikum, na wenzangu wa salamu nyingine, habari za mchana huu. Mwenyekiti ameniambia niwasimulie, kwa dakika kumi, nilivyorudi chuo ukubwani. Mwenyekiti hanijui. Nimefanya kazi ya simu miaka kumi na minane, mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo mwenye maharage jikoni awahi mapema.

Kiswahili hiki nimekiokota hapa Tanga kwa mume wangu na mawifi zangu. Kwetu Madagaska tunasema Kimalagasi na Kifaransa, na ndani ya nyumba yetu Kingazija kidogo. Nikiwaambia fulani kasema hiki na kile, jueni nimewatafsiria. Nikiteleza chekeni, sinuni.

Nilizaliwa Mahajanga mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati familia nyingi za asili ya Ngazija zilikuwa zinafunga mizigo kurudi kwao baada ya zile ghasia za kutufukuza. Baba hakurudi Ngazija. Alituchukua tukahamia Nosy Be, kijiji cha Ambanoro, akaendelea kuuza vitambaa. Nilipokua nilirudi Mahajanga nikasoma shahada ya historia, kisha nikaenda tena Nosy Be na cheti changu kwenye bahasha. Kazi ya historia, hakuna! Hoteli moja pale mjini Hell-Ville ilikuwa inatafuta opereta wa simu. Basi nikakaa mbele ya mashine ya kuunganishia simu, vifaa masikioni, malkia mzima.

Kazi ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, simu isilie mara ya tatu hujaipokea. Ya pili, kila simu iandikwe daftarini: imetoka chumba gani, imekwenda wapi, saa ngapi na dakika ngapi. Na saa za watu nilizijua kichwani. Mgeni akitaka kumpigia mama yake Ufaransa mimi ndiye wa kumwambia, "Madamu, huko bado alfajiri, mwache mzee alale."

Halafu kila mgeni akaja na simu yake mfukoni. Mashine yangu ikafunikwa kitambaa kama maiti, nami nikapelekwa mapokezi kugawa funguo. Siku moja karamu ya harusi ya watu arobaini ikafutwa kwa ujumbe waliotumiwa waalikwa kutoka simu ya mkononi ya hoteli, na maharusi wenyewe hawana habari! Nani kautuma? Kila mtu "si mimi". Mpishi amenuna, meneja anafoka, samaki wamejaa meza nzima. Mimi nikasema moyoni, zama zangu ningefungua daftari tu, mchezo umekwisha. Sasa daftari la simu hizi anaandika nani?

Swali hilo lilinikaa kichwani. Na mwisho wa mwaka ule hoteli ikaniambia asante, kwaheri.

Ndugu zangu, sitawaficha, niliumia. Miaka arobaini kasoro, nimerudi Mahajanga kulala chumba cha nyuma kwa dada yangu mkubwa, namsaidia kumenya mihogo. Nilijiona kitu kilichopitwa na wakati, mimi na ile mashine yangu. Nililia mpaka dada akaniambia machozi yananyunyiza mihogo na chumvi tayari ameshatia.

Ndipo siku moja nikapita mbele ya chuo kimoja, nikaona tangazo: shahada ya uzamili ya uchunguzi wa kidijitali. Nikaingia kuuliza ni mdudu gani. Katibu, mama mpole, akanieleza kwamba ni kuzichunguza simu na kompyuta, kujua nani kafanya nini na saa ngapi, kwa namna ambayo hakimu ataikubali. Jamani! Lile daftari! Kumbe linaandikwa na simu yenyewe, na kuna watu wanafundishwa kulisoma.

"Lakini mimi kompyuta sijaisomea," nikamwambia. "Najua kuwasha na kuzima."

Akasema wanapokea watu wa fani zote, ila kwa sharti. Wote wanafanya mtihani wa vitendo wa muhula wa kwanza, na asiyetoka kwenye kompyuta lazima aufaulu. Akianguka anarudia mara moja. Akianguka tena, anaaga. Nikajaza fomu palepale kabla akili haijanirudia.

Dada alicheka hadi kisu kikamtoka. "Umri huu unakwenda kusomea umbea wa simu za watu?" Mtaa mzima ukajua kabla ya magharibi.

Darasani nilikuwa najua kutikisa kichwa tu. Mwalimu akisema neno natikisa, akiuliza tumeelewa natikisa, shingo ikawa inauma. Jirani yangu wa dawati alikuwa askari mmoja, mtu wa Boanamary, jirani na Mahajanga, mwili kama kabati, mtu wa maneno machache. Alikuwa akinitazama ninavyotikisa, naye anatabasamu.

Mtihani ukafika. Kila mmoja amewekewa simu mezani, ichukulie ni kielelezo cha mahakama. Usiiguse bila glovu, iweke kwenye mfuko unaozuia mtandao, andika kila hatua. Nikavaa glovu zangu vizuri. Nikaandika jina langu vizuri. Kabla sijaitia mfukoni, simu ikalia.

Nyie! Miaka kumi na minane! Mkono ulikwenda wenyewe, wallahi sikuutuma. Nikapokea kwa sauti ile ya hotelini, "Haloo, karibu, nikusaidie nini?"

Sauti ikauliza, "Naongea na nani?"

Nikajitambulisha, jina la kwanza na la ukoo. Nikamuuliza hali. Nikamuuliza watoto. Nikamwambia mwenye simu hayupo, lakini asubiri kwenye laini nione kama naweza kumuunganisha. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu na simu yake sikioni, akasema taratibu, "Mama, watoto wangu hawajambo. Ila kielelezo umekiua."

Nilipata sifuri. Si moja, sifuri. Watu walicheka mpaka wakatoka nje. Nami nilicheka nao, kisha nikafika nyumbani nikajifungia. Siku tatu nilimwambia dada naumwa kichwa. Siku ya nne akanikuta nakunja nguo zangu niziweke sandukuni.

"Unakwenda wapi?"

"Nosy Be. Yule katibu alisema mara moja tu ya kurudia. Nitaanguka tena, wanicheke tena."

Dada yangu hana lugha laini. Akakaa juu ya sanduku, na ndugu zangu, hamjamwona dada yangu! Akikaa amekaa. "Mtaa umekwisha cheka," akasema. "Kicheko umeshakilipia. Sasa soma."

Jioni ileile yule askari akabisha hodi, kashika sambusa kwenye gazeti. Kumbe naye yuko taabani. Simu anazifungua kama karanga, lakini ripoti yake amerudishiwa, mwalimu hakuelewa hata sentensi moja. "Wewe umesoma historia, unajua kuandika jambo likaeleweka," akaniambia. "Nifundishe hilo, nami nikufundishe hizi simu. Lakini uache kutikisa kichwa. Hujui, sema hujui."

Hapo ndipo nilipoanza kupona. Kila Jumamosi barazani kwa dada, mimi namnyoosha sentensi, yeye ananyoosha ujinga wangu. Nilisema "sijui" siku ya kwanza mara thelathini, na kila nikiisema najihisi mwepesi. Na dada, basi, akajipa cheo. Anasimama jikoni na simu yake, anaipigia ile ya mazoezi iliyo mbele yangu. Inalia, mimi nimekalia mikono yangu miwili, jasho linanitoka, na yeye anapiga kelele dirishani, "Mkono! Nauona mkono huo!" Alifurahia zaidi kuliko harusi yake.

Siku ya kurudia tulikuwa watano, na wawili kati yetu walikuwa na shahada za kompyuta, msidhani. Simu ikalia, sikuipokea. Ililia mara tatu, ikalia mara tano, nami natazama ukuta, midomo inacheza. Nikaandika tu: imelia, saa fulani, dakika fulani, haikuguswa. Kisha nikaitia mfukoni.

Ikabaki hoja yenyewe. Kesi ya kubuni: ujumbe wa vitisho umetumwa kutoka simu ya ghala. Saa tatu asubuhi ghalani alikuwepo mlinzi peke yake. Saa sita mchana mlinzi alikuwa ameshaondoka, simu anayo msimamizi. Tukaichambua, programu ikatoa karatasi: ujumbe ulitumwa saa tatu asubuhi. Nikasikia wenzangu wanaandika haraka haraka. Mlinzi, imekwisha.

Na mimi nikainua kalamu niandike mlinzi. Lakini saa ni kitu ambacho sikiandiki bila kuuliza: saa ya wapi? Nikaitafuta karatasi nzima. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: saa ya dunia, ile moja inayotumiwa na mitambo ya nchi zote. Saa ya dunia iko nyuma ya saa ya Mahajanga kwa saa tatu! Ujumbe ulitumwa saa sita mchana yetu. Mlinzi hana kosa.

Mnadhani nilifurahi? Niliogopa. Wenye shahada zao wamesema mlinzi, mimi mmenya mihogo naanza kubisha? Nikikosea ndio kwaheri. Nikahesabu tena kwa vidole chini ya meza, mara tatu. Nikaandika msimamizi, nikapeleka karatasi.

Mwalimu akasoma amesimama. Akakaa, akasoma tena. "Nani kakufundisha kuuliza saa?"

"Wageni wa hoteli," nikasema.

Nilifaulu. Mwaka uliofuata nikamaliza shahada, kisha ndoa ikanileta hapa Tanga, na leo kazi yangu ni hiyo, nasoma madaftari ya simu na kuwaandikia mawakili. Yule askari naye alimaliza, na ripoti zake, nasikia, mahakimu wanazisifu.

Nawashukuru. Yule katibu hakunipima kwa umri. Yule mwalimu alinipa sifuri niliyostahili, kisha akanipa alama niliyostahili. Askari wangu wa sambusa. Na dada yangu, Mungu ampe afya, amenipigia asubuhi hii kujua nimevaa nini.

Ninalowaambia ni dogo. Kutojua kompyuta hakukuwa shida yangu. Shida ilikuwa kujifanya najua. Siku niliyosema sijui, watu wakapata pa kunishikia mkono.

Nakaa sasa, mwenyekiti ananitolea macho. Ila kuna mwenzetu mmoja humu, jina simtaji, kaniambia pale mlangoni kwamba yeye ni mshonaji, hajui kompyuta, na fomu ya chuo iko kwenye mkoba wake wiki ya tatu sasa. Mama, itoe. Nafasi hapa pembeni yangu ipo, na kalamu ninayo.