Filamu Iliyokatika Patamu

Benchi letu liko nje ya kwa kinyozi, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Jana alasiri tulitazama kwenye tivii ya Kinyozi filamu ya maisha ya kweli ya bendi moja ya roki. Kampuni yao ya muziki imewashtaki, imewazuia kutoa nyimbo, nao wamejifungia nyumbani, wametundika mablanketi ukutani, wanarekodi hivyo hivyo. Roho zetu zilisuuzika! Kesi ilipofika patamu, umeme ukakatika. Leo asubuhi Spana, fundi magari ambaye jioni hupiga gitaa, amekuja na mkataba wa kampuni nyingine ya muziki, akaazima kalamu yangu. Mwisho wa kusaini ni saa sita mchana, na kampuni inataka mpiga dramu wa bendi ya Spana aachwe, mashine ishike nafasi. Mpiga dramu ni shemeji yake, na hajaambiwa.

Kinyozi: Wale jamaa wana roho ngumu! Mtu anakushtaki, wewe unacharaza gitaa!

Uzi, mshona nguo wetu: Na walishinda. Hakimu mwenyewe alitikisa kichwa wimbo ulipopigwa mahakamani.

Spana: Uliona wapi, na umeme ulikatika?

Uzi: Niliona kwa akili.

Kinyozi: Hakimu gani! Waliinunua kampuni. Bosi sasa anawabebea spika.

Uzi: Na yale mablanketi anayafua yeye.

Mimi: Acheni hizo. Mimi waliniweza pale walipokaa sakafuni, hoi, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Kinyozi: Basi Spana, saini. Utapambana nao ukiwa ndani.

Uzi: Usimponze mwenzio. Wale si walisaini ndipo wakabanwa?

Spana: Jamani, miaka tisa tunapiga! Nataka tu wimbo wetu usikike.

Hapo shemeji yake, fundi bomba, akatokea na sanduku la vifaa, vidole vikipiga mdundo juu ya kifuniko.

Shemeji: Ile filamu? Niliona kipande tu dirishani. Hivi yule mpiga dramu, walibaki naye?

Kinyozi akakagua wembe wake. Uzi akatafuta sindano ambayo haikupotea. Mimi nikainua birika, tupu.

Spana akasogea, akampisha, akamwekea mkataba mapajani.

Spana: Kaa, shemeji. Soma kifungu cha saba. Ilikuwa nikwambie tangu Jumatatu, nikaona haya.

Shemeji akasoma. Vidole vikatulia.

Shemeji: Sasa?

Spana: Ya wale sijui yaliishaje. Sisi tunabaki wote.

Akanirudishia kalamu yangu.