Wasifu wa Anna Ng'washi Mboje, Aliyekataa Mayala Aambiwe

Marehemu Anna Ng'washi Mboje alizaliwa tarehe 12 Aprili 1971 katika kijiji cha Ngulyati, wilayani Bariadi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mboje na mama Milembe, wote marehemu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Alifaulu kwenda sekondari, lakini mama yake aliugua mwaka huo, nyumba ikahitaji mtu, na mtu huyo akawa yeye. Hakulalamika hata siku moja. Ila kila alipoona mtoto anaacha jambo lake kwa sababu ya shida za nyumbani, alikunja uso, na wanawe hawakujua kwa nini mpaka walipokuwa watu wazima.

Mwaka 1991 aliajiriwa kuwa karani wa mizani kwenye ghala la kununulia pamba Ngulyati, kazi aliyoifanya kwa misimu ishirini na saba. Wakulima walimpenda na kumwogopa. Mtu akinyunyizia pamba maji ili ipate uzito, marehemu alizamisha mkono ndani ya gunia, akamtazama, akasema, "Baba, pamba yako imeoga. Kaianike, uje kesho." Yakaishia hapo, bila kelele. Mama huyu aliyechukia udanganyifu wa gunia moja ndiye aliyekuja kumdanganya mwanawe kwa miezi minane, na familia nzima ikamsaidia.

Tarehe 14 Oktoba 1995 alifunga ndoa kanisani Bariadi na Januarius Lugata, fundi baiskeli wa Somanda, baada ya ng'ombe kumi na nane kufika Ngulyati. Walijaliwa watoto watatu: Mayala, Milembe, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na Thomasi. Januarius alifariki ghafla Juni 2016, wakati Mayala yuko Mwanza kwenye mashindano ya riadha ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo kutoka Marekani alikuwa amekuja pale kutafuta wakimbiaji wa chuo chake. Mayala alipigiwa simu, akapanda basi, akaja kuzika. Mwalimu akachukua vijana wengine wawili, akaondoka, na ilipita miaka miwili mpaka aliporudi. Marehemu aliibeba miaka hiyo kama kosa lake. "Ningenyamaza siku tatu tu," alikuwa akisema. "Hata alipokuja, baba yake hakufufuka."

Mayala aliondoka kwenda Marekani Agosti 2018 akiwa mkimbiaji. Kule wakaziona mbio zake, wakamtia kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu, akawa beki wa pembeni. Marehemu alimtaka aeleze kazi hiyo vizuri. Mayala akasema kuna mtu wa timu nyingine anakimbia kwenda kudaka mpira, na yeye anarudi kinyumenyume huku anamtazama, asimruhusu aupate. Marehemu akamuuliza:

"Ng'wanawane, si kazi ile ya kuzuia ndama wakati ng'ombe anakamuliwa?"

"Ndiyo hiyo, mayu. Ila huyu ndama ana kilo tisini."

Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza Somanda nzima aliambiwa kwamba Mayala anazuia ndama Marekani.

Alimaliza chuo Mei 2023. Siku za timu za kulipwa kuchagua wachezaji zilipita, jina lake halikutajwa. Timu moja ikamwita kumjaribu, na tarehe 29 Agosti, siku ya kupunguza majina, ikamkata. Kesho yake ikamrudisha kama mchezaji wa mazoezi, anayetoka jasho wiki nzima halafu siku ya mechi anasimama pembeni na nguo zake za kawaida. Oktoba wakamkata tena. Timu ya pili ikamchukua, ikamkata Agosti mwaka huu, ikamrudisha. Alikuwa akipiga simu kila Jumanne jioni ya kwao, ambayo kwetu ni Jumatano alfajiri. Yeye alisema "Mwadila, mayu," marehemu akajibu "Mwangaluka," salamu ya jioni na salamu ya asubuhi, kila mmoja kwa saa yake, wakacheka. Kisha marehemu aliuliza neno moja: "Umo?" Akisikia "Nimo," ndipo alipokunywa chai.

Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Mwanza kwa mionzi, akarudi nyumbani Juni akiwa amepungua sana. Mayala alipotaka kumwona kwenye simu, alifunga kilemba, akakaa nje juani ili uso uonekane una rangi. Septemba hata jua halikusaidia. Akamwagiza Milembe aseme kamera imeharibika. Kaka yake, mjomba Mboje, alimwonya waziwazi, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Marehemu akamjibu, "Kiniumbue mimi. Mtoto akikosa mazoezi wiki moja watakuwa wameshaweka mwingine."

Jumatano tarehe 20 Novemba Mayala alipiga simu akiwa na furaha ambayo Milembe hajawahi kuisikia. Beki anayeanza kwenye nafasi yake ameumia goti. Jumapili ataanza yeye, kwa mara ya kwanza tangu aingie kazi hii. Simu ilipokatika, marehemu alimshika Milembe mkono akasema, "Asiambiwe mpaka amalize kucheza. Niapie." Milembe akaapa. Alhamisi tarehe 21, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mama alikata roho hospitalini Bariadi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ukoo uligombana juzi na jana, na hakuna haja ya kulificha hilo mbele ya marehemu. Mjomba Mboje alisema mtoto wa kwanza hazikiwi mama yake kwa kificho, na kusema kweli hakukosea. Milembe hakuwa na hoja. Alikuwa na kiapo tu. Ijumaa Mayala aliuliza hali ya mama, akajibiwa kwamba kaenda Ngulyati kupanda pamba, mtandao unasumbua. Hilo la Ngulyati tu ndilo lililokuwa kweli, maana ndiko tulikokuwa tumeupeleka mwili. Milembe aliliandika jibu hilo ofisini kwake Lagangabilili alipokwenda kuomba ruhusa ya msiba, na tangu hapo hajui kama ametii au ametenda dhambi.

Leo ni Jumapili, tarehe 24 Novemba 2024. Tunazika saa nane mchana, na huko aliko Mayala ndiyo kwanza kunapambazuka. Ataingia uwanjani saa tatu usiku ya kwetu. Familia inawaomba, kwa magoti, msirushe picha wala kuandika pole mtandaoni mpaka kesho saa sita mchana. Mchanga wa kwanza, uliokuwa wa Mayala, utatupwa na mjomba Mboje, ambaye amekubali huku analia.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Mboje. Watoto wawili walio hapa, Milembe na Thomasi. Mjukuu mmoja, Rahma. Na mtoto wake wa kwanza, Mayala, ambaye bado ana mama.

Mungu ampokee, apumzike kwa amani. Sisi tuna simu ya kupiga.