Bahasha Mbili za Merle Tattersall

Mlio wa simu niliusikia saa sita kasoro usiku, Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, nikiwa namnyonyesha mtoto, nikajua kabla sijaipokea, maana nani humpigia mama wa mtoto wa miezi minne saa hizo, na kweli alikuwa Garth, mtoto wa marehemu, akasema, "Tegan, Mama ametutoka, na ameacha maandishi kwamba historia yake uisome wewe."

Ndugu waombolezaji, mnivumilie, mimi si ndugu wa marehemu, nimemjua wiki tano tu, lakini Merle alikuwa mfungisha ndoa, na mazishi yake aliyapanga kama alivyopanga harusi za watu, akaandika kwamba asome yule ambaye harusi yake ndiyo inayofuata kwenye shajara, na inayofuata ni yangu na Brodie, Jumamosi hii, kama ipo.

Marehemu Merle Josephine Tattersall alizaliwa tarehe 2 Agosti 1950 mjini Zeehan, hapa hapa Tasmania, mtoto wa tatu wa mchimba madini, akasoma shule ya msingi Zeehan, kisha sekondari Queenstown hadi Desemba 1966. Mwaka 1967 aliajiriwa posta ya Burnie, kazi ya kuunganisha simu, akakaa hapo miaka sita na kifaa cha kusikilizia masikioni, na mwenyewe alikuwa akisema ndipo alipojifunza kusikia mambo ya watu na kunyamaza.

Tarehe 27 Januari 1973 alifunga ndoa na Alvin Tattersall, fundi wa matrekta wa Wynyard, wakajaliwa watoto wawili, Garth mwaka 1975 na Lorna mwaka 1978, ambaye ametua jana kutoka Perth, na Alvin akatangulia mwaka 2015.

Tarehe 9 Mei 1995 marehemu alisajiliwa rasmi kuwa mfungisha ndoa, akafungisha ndoa ufukweni, bustanini, hata kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, na wengi wenu hapa ni yeye aliyewasimamisha. Basi mnaijua sheria yake, kwamba kila mmoja aandike maneno yake ya kiapo peke yake, ampelekee Merle peke yake, yeye ayasome yote mawili asije mmoja akawa na kurasa tatu na mwenzake mistari miwili, na mtu asisikie ya mwenzake mpaka siku yenyewe, mbele ya watu.

Kwetu alikuja Jumamosi tarehe 10 Februari, tukajaza ile fomu ya kusudio la ndoa, maana serikali inataka mwezi mzima upite, akanywa chai yetu, akauliza, "Haya, mlikutanaje?" Brodie akajibu, "Kwenye foleni ya chipsi." Merle akaweka kalamu chini. "Hiyo siyo hadithi, Brodie, hiyo ni njaa. Nipe nyingine." Tulicheka mpaka mtoto wetu Arlo akaamka, na mimi nikacheka zaidi ya wote, maana sikuwa na nyingine, mimba ilikuja upesi, kila kitu kilikuja upesi, na usiku ule nilipokaa kuandika kiapo changu hakikutoka kiapo, nikaandika tu kwamba sijui kama Brodie ananioa mimi au anamuoa mama wa mtoto wake, na kwamba naogopa, nikalamba bahasha na kuituma kabla sijabadili mawazo.

Moyo wa marehemu ulianza kusumbua mwaka 2021, na tarehe 5 Machi mwaka huu akalazwa hospitalini Burnie. Nilimtembelea tarehe 12, nikamwambia, "Merle, niambie tu, tunalingana?" Akasema, "Mwanangu, miaka ishirini na tisa sijamwambia mtu, nianze na wewe kwa sababu nimelala?" Nikasema, "Basi harusi niivunje?" Akafumba macho, nikadhani amesinzia, kumbe anacheka. "Unamuuliza mgonjwa? Muulize huyo wa chipsi." Siku mbili baadaye, saa nne usiku, alifariki.

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa, na Garth, silaumu. Jumapili Garth alikuta bahasha zetu mezani kwa mama yake, moja imeandikwa Tegan, moja Brodie, akafanya ambalo yeyote angefanya, akampa kila mtu yenye jina lake. Lakini Merle akishasoma alizifunga upya, na juu ya bahasha alikuwa akiandika jina la atakayesikia, si la aliyeandika. Nilichana yangu nikijua ni yangu, nikitaka kuichoma, nikaona mwandiko wa Brodie, na ningeweza kuacha pale pale, sikuacha, nikasoma hadi mwisho. Tangu hapo siku tatu namwangalia anavyokamua ng'ombe wetu, anavyokula, namtafuta usoni kama amesoma yangu, sijui.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Burnie, majirani wa barabara ya marehemu kwa keki na supu, wafungisha ndoa wenzake, na hasa Bwana Desmond Orchard, ambaye fomu yetu imehamishiwa kwake.

Haya ya mwisho nimeyaongeza kwa penseli asubuhi hii, ndani ya gari. Tulipoegesha Brodie alitoa bahasha mfukoni, imefungwa vile vile, akasema, "Chukua, hii si yangu. Yangu niliandika kwenye kurasa nne za daftari la maziwa, nzito, hii nyepesi kama jani. Sikufungua. Merle angenifufukia." Nikaipokea, nikashindwa kusema kwamba mimi ya kwake nimeifungua.

Basi nasema hapa, Brodie, wewe uliyeketi safu ya tatu na Arlo begani, bahasha yako nimeisoma, nisamehe. Ile yangu nimeichana, nitaandika nyingine leo, ndefu. Jumamosi saa nne asubuhi nitasimama mbele yako nisikie kama ndiyo mara ya kwanza.

Lala sasa, Merle, umechoka na siri za watu, hii moja niachie mimi. Alichoandika Brodie umekijua wewe na nimekijua mimi, na mpaka akiseme kwa mdomo wake mwenyewe, sitamwambia mtu mwingine.