Historia Iliyosahihishwa ya Mzee Hewa, Mtunza Boila

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi mliofanya kazi na kaka yangu, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba yetu, familia imenipa jukumu la kuwasomea historia ya maisha yake, nawaomba mnivumilie sauti ikikatika, na nawaomba zaidi mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kuna sehemu ambayo hata familia haijaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa baba yetu, fundi baiskeli, na mama yetu, mshonaji, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, hakuwa wa kwanza wala wa mkia, lakini kitu kikiharibika pale nyumbani hakikukaa siku mbili bila yeye kukifungua, na mara nyingine kilikuwa kizima mpaka alipokifungua. Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1980.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa hospitalini kuwa mtunza boila, yaani lile tangi kubwa linalochemsha maji ya wodi na kutoa mvuke wa chumba cha kufulia, akaikuta imefungiwa ndani ya kuta nne bila hata tundu la panya, moto wake wa njano, masizi mpaka darini. Aliwaambia wakubwa kwamba moto nao unakula, chakula chake ni hewa, ukinyimwa hewa ya nje utakula ya kwenu, kisha utawarudishia sumu isiyo na rangi wala harufu, wakamwona msumbufu, naye akawasumbua kwelikweli miezi saba, mpaka Septemba yakatobolewa matundu mawili ukutani, moja chini la kuingiza hewa safi, jingine juu la kutoa joto. Kila asubuhi alishika kipande cha karatasi mbele ya tundu la chini, karatasi ikivutwa kwa ndani ndipo awashe moto, isipovutwa hawashi, hata wodi nzima ipige kelele. Hivyo akaitwa Mzee Hewa akiwa na miaka ishirini tu, na karani wa mishahara akamwonya kwamba jina hilo lisifike kwenye orodha yake, asije akafutwa kama mfanyakazi hewa.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, ambaye mara ya kwanza alikwenda kule boila kugomba kuhusu maji ya baridi, na mara ya pili alikwenda bila shida yoyote ya maji. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1990 na wa kiume mwaka 1994.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyoandikwa vibaya. Faili la kazini linasema kwamba Alhamisi tarehe 19 Novemba 2015 mtunza boila aliacha tundu la hewa limezibwa, wafuaji watatu wakaanguka, naye akaachishwa kazi kwa uzembe. Mfuaji mmoja kati ya wale watatu ni mimi. Ilikuwa wiki ya mvua, kamba za nje hazikaushi, tukaanika mashuka kwenye chumba cha boila bila ruhusa, upepo ukawa unaingiza matone na matope kupitia tundu la chini, na kaka alipoitwa wodini kutazama bomba linalovuja, nilikunja blanketi kuukuu nikaliziba tundu lile, kwa mikono yangu hii mnayoiona. Aliporudi alitukuta chini, akazima moto, akang'oa blanketi, akatuburuta nje mmoja mmoja, mara tatu akaingia na mara tatu akavuta sumu ile.

Kwenye kikao alipoulizwa nani aliziba, alijibu kwamba chumba ni chake na tundu ni lake. Nilimfuata nikilia kwamba nitasema, akanikataza, nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, yeye akasema ana ufundi mkononi na kesho atapata kazi nyingine, lakini barua ya uzembe ilimtangulia kila mlango aliobisha. Mwanawe akaacha chuo cha ufundi kwa aibu ya baba yake, nami nikaona, nikanyamaza karibu miaka kumi, si kwa utii, kwa woga.

Tangu siku ile kichwa hakikuacha kumuuma, mwaka 2019 moyo nao ukaanza kusumbua, kisha kumbukumbu zikawa zinampotea, na tarehe 21 Agosti 2025 akalazwa. Siku nne kabla hajafariki aliniuliza, kwa dhati kabisa, kama ni kweli alilisahau lile tundu, maana alikuwa amesikia hivyo kwa miaka mingi na yeye mwenyewe hakumbuki tena. Nilimwambia asifikirie hayo, alale. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, akiamini kwamba nusura atuue.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani ambao hawakutuacha peke yetu hata siku moja, na wafanyakazi wenzake mliokuja, hasa msimamizi wa mitambo, ambaye nitamkabidhi karatasi hii, imetiwa sahihi yangu, aiweke kwenye faili. Wifi yangu, na nyinyi wanangu, shangazi yenu hana la kujitetea.

Kaka, uliniuliza nikakukwepa. Jibu ni hapana, hukusahau kitu, niliziba mimi. Pumzika kwa amani.