Dirisha la Mama Garini

Fundi wa kuchomelea vyuma alipanda basi na boksi alilolikata umbo la dirisha, akalipakata kama kichanga. Fundi cherehani aliyekaa naye kiti kimoja akashindwa kujizuia. "Mwanangu, hilo la gauni gani?"

"La kioo, mama. Nimetoboa ubavu wa gari letu, ili mama yangu akikaa na kiti chake cha magurudumu aone barabara. Madirisha yaliyopo yako juu, anatazama mawingu tu kama mkulima."

Fundi cherehani akacheka, akalipima boksi kwa shibiri. "Ulimpima mteja akiwa uchi au amevaa?"

Kijana akaona huyu naye ana jambo lake. "Gari linavaa nini?"

"Sijui mimi. Kioo kinakaa kwenye bati kavukavu?"

"Kinazungukwa na mpira." Kijana akaligeuza boksi. Alilichora sawasawa na tundu, mpira hakuukumbuka kabisa. Na kioo cha usalama hukatwa kwanza, ndipo huchomwa kwenye tanuru kiwe kigumu. Ukijaribu kukipunguza baadaye, kinamwagika chini kama chumvi.

"Basi punguza kidole kila upande," fundi cherehani alisema, keshatoa mkasi.

"Kidole ni kingi mno. Nusu."

"Nusu hakitaingia, utalia."

"Kidole kizima, kioo kitacheza kama jino bovu."

Basi likasimama. Kondakta akagonga bati: kwa wakata vioo, shukeni.

Kijana hakuinuka. "Nitashuka kituo cha mbele," alisema, akamshikia boksi. "Kata, mama, ila taratibu."