Mlango wa Kulia

Mwashi alikaa nyuma ya dada na mdogo wake ndani ya basi, macho dirishani, masikio mbele, mkono mfukoni umefumbata kikaratasi alichopewa na nesi, chenye jina la ukumbi.

“Wiki tatu unaniaga unakwenda kikundini kuacha pombe,” dada mtu alifoka, “na jana nimekuokota mtaroni. Huko mnaacha au mnafundishana?”

“Nilikwenda kweli, dada,” alisema mdogo wake, fundi wa kuchomelea. “Nilikosea mlango. Ule wa kulia ni wa kwaya. Wakanipa kiti, wakaniweka sauti ya nne. Nikaona haya kutoka.”

Mwashi aliuma mdomo asicheke.

“Wiki zote tatu?”

“Kwenye kwaya hawakuulizi umeanza kunywa lini.”

Basi likasimama mbele ya ukumbi wenye milango hiyo miwili, dada akamshika mkono. “Inuka. Leo nakuingiza mwenyewe.”

“Siendi!” Fundi aling’ang’ania chuma cha kiti kwa mikono miwili.

Kondakta aligonga bati. Dada hakuondoka, fundi hakuachia. Mwashi, kicheko kimemwisha, aliinuka taratibu na kikaratasi chake, akamwinamia fundi.

“Samahani, ndugu yangu. Kwa hiyo sisi ni mlango wa kushoto?”