Bi Nukta na Breki ya Gari la Shemeji

Alhamisi, tarehe 27 Novemba. Mawingu mazito tangu alfajiri, upepo hakuna, manyunyu machache saa moja kasorobo asubuhi.

Kesho Ijumaa, tarehe 28, Bi Nukta anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika karakana yetu ya pampu za maji. Meneja ameniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Ana sababu mbili: nimefanya kazi na Bi Nukta miaka ishirini na mmoja, na nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Nakala zitatolewa kesho asubuhi. Nilidhani ni kazi ya saa moja, lakini sina budi kukiri kwamba naandika nikiwa na wasiwasi. Bi Nukta ameapa kuja kwenye sherehe yake akiendesha gari alilolifufua kwa mikono yake, mumewe akiwa ameketi kando yake. Hadi naandika mstari huu, hakuna mwenye hakika kama gari hilo litasimama likiambiwa simama.

Nianze na yale yenye hakika.

Bi Nukta aliingia karakana hii akiwa na ufagio. Kazi yake ilikuwa kuzoa vinyoleo vya chuma chini ya mashine za kukereza. Kwa miezi minane alifagia na kutazama. Siku moja mkerezaji mmoja aliugua, na bushi za pampu ya hospitali, vile vipande vya duara vinavyoshika mhimili, zikawa zinasubiriwa. Msimamizi wa wakati huo aliposikia kwamba mfagiaji anaomba ajaribu, alimwambia, "Mama, mashine hii inameza nguo." Kesho yake alifika amevaa ovaroli ya kuazima, mikono yake imebanwa kwa pini kumi na moja. Alizikereza bushi nne. Tatu zikaingia mahali pake bila kugongwa nyundo. Ya nne aliitupa mwenyewe kabla mtu hajaiona. Ufagio ulipata mtu mwingine.

Jina la Bi Nukta alipewa hapa hapa kazini. Ukimwambia unataka kipande cha milimita kumi na tisa, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Kumi na tisa nukta ngapi?" Usipokuwa na jibu, unarudi ulikotoka. Hata Meneja amewahi kurudishwa. Aliwahi pia kuletewa bushi iliyokerezwa na fundi mwingine, akaitia kidoleni, akaizungusha na kumrudishia: "Hii ni pete, baba. Kampe mkeo." Fundi huyo sasa ni msimamizi wa zamu ya pili, na anaisimulia hadithi hiyo kila anapopata mkerezaji mpya.

Amefundisha wakerezaji kumi na wanne. Wote wanaijua kauli yake, kwa sababu waliisikia mpaka masikio yakaota sugu: "Kifaa kilichochakaa ni shahidi wa uongo. Usikiulize kilivyo, kiulize kilivyozaliwa." Maana yake ni kwamba ukiletewa kipande kikuukuu utengeneze kingine kama hicho, usikinakili tu. Kimelika. Tafuta sehemu ambayo haikusuguliwa, upime hapo.

Naomba msomaji aishike kauli hiyo, kwa sababu mwenyewe aliiacha, na ndiyo chanzo cha wasiwasi wangu.

Gari lenyewe ni la mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye sisi sote kazini tunamwita Shemeji. Ni gari dogo la kale, lenye taa za mviringo na milango inayofunguka kinyumenyume. Waliolitengeneza waliacha kulitengeneza zamani sana, na vipuri vyake havipatikani hata kwa dawa. Liliharibika, likaegeshwa nyuma ya nyumba, likafunikwa turubai kwa miaka kumi na tisa. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Kisha Shemeji akapata presha ya macho. Daktari alisema kinachopotea hakirudi, na kwamba kitaendelea kupotea kuanzia pembeni. Leo Shemeji anaona cha mbele yake tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Siku waliyotoka kwa daktari, Bi Nukta alilitoa lile turubai. Alitaka mumewe aione barabara kutoka ndani ya gari lake angali na jicho la kuionea. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Kipuri kisichopatikana hutengenezwa. Bandani kwake ana mashine ndogo ya kukereza, jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila namna, na taa moja. Kama mtunza stoo naapa mbele ya Meneja kwamba hakuna hata nati moja iliyotoka langoni kwetu bila karatasi. Vitasa vya milango alivichonga kutokana na bomba kuukuu la shaba. Fremu za taa alizifinyanga kwa bati juu ya kalibu ya mti. Gia ya waipa aliitengeneza mara tatu. Ya kwanza ilizifanya waipa ziende huku na huku kama majirani waliokosana, na Shemeji akacheka mpaka akaomba maji. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Yeye anapima na kutaja, mimi naandika tarehe na namba. Nina mazoea ya kuandika kila siku, kwa hiyo sikuona taabu.

Jumamosi, tarehe 8 mwezi huu, tulifika kwenye breki. Chini ya pedali kuna silinda ndogo, na ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Pistoni ya zamani ilikuwa imeota kutu. Bi Nukta aliipima katikati, akaitaja: milimita 18.70. Akakereza mpya. Akaipima: 18.70. Niliandika "sawa kabisa" na kupiga mstari chini.

Jumapili iliyopita, tarehe 23, alilitoa gari bandani kwa mara ya kwanza, Shemeji yumo ndani. Uwanja wao una mteremko mdogo kuelekea ukuta wangu. Alikanyaga breki mara tatu, gari likatii. Mara ya nne pedali ilizama kama mguu kwenye tope. Niliona gari linakuja. Bi Nukta alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na gari likasimama likiwa limebakiza shubiri moja lifike ukutani. Kisha nikamsikia Shemeji akiuliza kwa furaha, "Tumefika?"



Bi Nukta aliifungua silinda siku ile ile. Raba ya mbele ya pistoni ilikuwa imeng'atwa pembeni, na mafuta yalikuwa yamepita. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Jirani, lete daftari." Tulirudi nyuma kurasa mpaka miaka miwili iliyopita, alipoifungua silinda ile mara ya kwanza. Kwa mwandiko wangu mwenyewe: tundu la silinda, 19.05. Nafasi kati ya tundu na pistoni ilikuwa zaidi ya theluthi ya milimita. Raba ilikuwa inasukumwa ndani ya ufa.

"Nimenakili uchakavu," alisema. "Nimekereza kitu kipya kilichozeeka."

Nilimwambia kosa ni langu pia, namba zote mbili zilikuwa mkononi mwangu. Akanikatiza: "Wewe uliandika nilichosema. Mimi ndiye niliyeamini." Baadaye alinieleza kwa nini. Pistoni ile aliifunga Shemeji mwenyewe alipokuwa kijana, na yeye hakutaka kuitilia shaka. "Niliiheshimu kupita kiasi," akasema, "na chuma hakitaki heshima, kinataka kupimwa."

Nilisita kuliweka jambo hili kwenye wasifu wa sherehe. Nilimwomba ruhusa nikitumaini atakataa. Alisema, "Andika. Wale vijana wanadhani mimi sikosei. Waache wajue, ili siku wakikosa wasifiche."

Meneja alipopata habari Jumatatu, aliteremka mwenyewe mpaka kwenye mashine yake. "Mama, gari la kampuni litakufuata Ijumaa. Tafadhali." Wasiwasi wa Meneja una msingi. Kutoka nyumbani kwetu mpaka lango la karakana barabara inateremka mita mia tatu, na chini kabisa kuna njia panda ya malori. Bi Nukta aliendelea kufuta mashine. "Litume, mwanangu. Likinikuta nimesimama njiani litanivuta." Akaongeza kwamba ikiwa breki haitampendeza Alhamisi jioni, atapanda gari la kampuni kama mgeni mwingine yeyote, na gari la Shemeji litarudi chini ya turubai. Alisema hivyo bila kutikisa sauti. Lakini najua kwamba Shemeji ana miadi nyingine ya daktari Desemba, na kwamba mwezi uliopita alianza kuukosa mlango na kugonga fremu yake kwa bega.

Jumanne alikereza pistoni nyingine. Safari hii aliipima ile ya zamani mkiani, mahali ambapo haikuwahi kugusana na kitu: 18.97. Jana aliifunga pamoja na raba mpya, akaikandamiza pedali kwa gongo lililoegemezwa kwenye kiti, akachora mstari wa chaki pale ilipofika. Kama kuna mahali panapovuja, pedali itazama taratibu usiku kucha. Yeye alikwenda kulala. Mimi nilitoka nje mara mbili kuusikiliza ukuta, kana kwamba ningesikia mafuta yakidondoka. Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi tulikwenda kutazama. Pedali haikuwa imeshuka hata unywele. Nilishukuru. Yeye alisema gongo si mteremko, na kwamba tutaonana jioni.

Nimefika hapa saa tatu asubuhi. Naacha nafasi.

Naendelea, saa moja na robo usiku. Mvua haikunyesha, barabara ilikuwa kavu.

Saa kumi na moja jioni nilisimama chini ya mteremko, mita kumi kabla ya njia panda. Nilikuwa nimechora mstari mweupe barabarani, na nilikuwa nimeshika matofali mawili ya kutupa mbele ya gurudumu ikibidi. Msimamizi wa zamu ya pili alisimama njia panda kuzuia malori. Juu kule nilimwona Bi Nukta akizunguka gari na kufungua mlango wa upande wa mumewe. Kwenye mteremko wetu sauti zinasafiri.

"Shuka kwanza, baba. Niende peke yangu mara mbili tatu."

"Sishuki."

"Jumapili tulikaribia kugonga ukuta."

"Jumapili uliendesha wewe, na mimi ni mzima. Miaka yote nimekuacha upime kila kitu humu ndani, hata chumvi. Leo nami nimepima. Endesha."

Mlango ulifungwa. Gari likaanza kuteremka, taa zake za mviringo zikinielekea, na sikupenda jinsi lilivyokuwa likiongeza mwendo. Lilipopita nguzo ya pili ya umeme nilikuwa nimeanza kurudi nyuma. Kisha pua yake ikainama, matairi yakanung'unika, likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya mstari.

Walipanda tena na kushuka tena. Mara sita gari lilisimama mahali pale pale, kwa tofauti ambayo Bi Nukta alishuka kuipima kwa futi. Mara ya saba lilisimama, injini ikazimwa, na Shemeji akaegemea mbele kwenye kioo.

"Mama," alisema, "mbele yetu kuna mtu ameshika matofali."

"Ni jirani."

"Mwambie ayaweke chini. Breki ipo."

Nilikuwa nimesahau kama nimeyashika. Bi Nukta alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Shemeji alimpapasa mgongoni kwa mkono mmoja, macho yake yakiwa bado barabarani.

Basi, ndugu mfanyakazi unayesoma karatasi hii, saa nne asubuhi geuza shingo utazame langoni. Mimi bado nina hofu kidogo, na nimemwomba msimamizi asimame njia panda kesho pia.

Bi Nukta, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa kila pampu inayotoa maji leo kwa sababu ulikataa kusema "inatosha". Ahsante kwa wakerezaji kumi na wanne, na kwa kosa moja uliloliacha wazi ili tulisome. Wewe na Shemeji tunawaombea afya, barabara kavu, na asubuhi nyingi za kwenda mahali pasipo na haraka.

Nyongeza, saa tatu na robo usiku. Taa ya bandani haikuwashwa leo. Ya chumbani kwao imezimwa saa tatu na dakika kumi, na Bi Nukta amelala.